Woofa Haikuwa na Kosa

Kwenye kibanda cha mjomba wangu, Kirinyaga Road, Nairobi, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan, woofa iliyokufa ilipimwa kwa pua. Mjomba aliinusa kwanza. Koili ikitoa harufu ya vanishi iliyoungua, nusu ya hukumu ilikuwa imeshapita. Kisha aliisukuma koni kwa vidole, polepole, pande zote. Ikikwaruza, kesi imekwisha: "Spika feki hii. Lete nyingine." Mwenye matatu alinung'unika, akalipa, na baada ya muda ile mpya nayo ikarudi na harufu ileile.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, enzi ya Nissan na kanda za kaseti. Vijana wa Buruburu waliweza kuacha gari tupu lipite wakingoja lile lenye bezi ya kutikisa mbavu, kwa hiyo muziki ulikuwa sehemu ya mapato, wala si anasa. Amplifaya ilifungwa chini ya kiti, skrubu ya geini ikazungushwa hadi mwisho, maana kila mtu, mjomba akiwemo, aliichukulia kuwa kitufe cha pili cha sauti. Sivyo ilivyo. Kazi ya geini ni kuilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio. Redio ikitoa volti 2 na geini ikiwa imewekwa kama ya redio ya volti 0.2, amplifaya inafika kikomo kabla kitufe cha sauti hakijaenda popote.

Ikifika kikomo, haina zaidi ya kutoa. Wimbi lililopaswa kupanda na kushuka kwa mviringo hukatwa kichwa na miguu, likabaki bapa juu na chini. Vijana wa leo wanasema amp inaklipu. Sikio lililotulia husikia mlio mzito ukigeuka kuwa mkwaruzo, lakini ndani ya matatu iliyojaa, kondakta akipiga bodi, nani atausikia?

Luthuli Avenue kulikuwa na maelezo yaliyosemwa kwa uhakika mkubwa: ati wimbi lililokatwa hugeuka umeme wa moja kwa moja kama wa betri, na huo ndio unaoua spika. Uongo huo umeishi maisha marefu. Wimbi bapa bado linaenda chanya na hasi. Kinachotokea ni kwamba likikatwa hadi likawa la pembe nne, hubeba nguvu maradufu ya wimbi la mviringo lenye kimo kilekile. Woofa ya wati 500 kwenye amplifaya ya wati 500 inaweza kujikuta ikisukumiwa wati zinazokaribia 1000, ndani ya boksi lisilopitisha hewa, asubuhi hadi usiku. Koili inakufa kwa joto, basi.

Kanuni za matatu za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, michoro ilifunikwa kwa rangi, mstari wa njano ukazunguka mabodi, muziki ukanywea. Kibandani tuliishi kwa alamu na redio za magari ya binafsi. Bezi iliporudi kwa kishindo, ilirudi kwenye mabasi ya Isuzu NQR, na pamoja nayo likaja jambo ambalo Nissan haikuwa nalo: umeme wa volti 24.

Amplifaya nyingi ni za volti 12. Njia ya mkato ilikuwa kuchukua umeme wa betri moja kati ya zile mbili zilizounganishwa. Inafanya kazi vizuri sana kwa siku chache. Lakini alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo ile inayolisha muziki inazidi kuishiwa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Kulikuwa na basi moja ambalo woofa zake zilikufa jioni tu. Jioni ni foleni, injini inazunguka taratibu, taa zimewashwa, skrini zote zinaonyesha video. Tulipoweka mita kwenye vituo vya amplifaya muziki ukiwa unapiga, kila pigo la bezi liliangusha volti chini ya 11. Amplifaya za bei nafuu hutoa nguvu kulingana na volti zinazopata, kwa hiyo ukomo wake ulikuwa umeshuka, na dereva, akisikia bezi imelegea, alikuwa akiongeza sauti. Akazidi kuikata.

"Fundi, si uniwekee amp kubwa zaidi?"

"Hiyo kubwa itakunywa wapi, boss?"

Tulipochunguza zaidi, waya mnene uliouzwa kama shaba ulikuwa alumini iliyopakwa shaba juu, na waya wa athi ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Tulikwangua rangi hadi chuma kitupu, tukaweka shaba halisi na kigeuza volti 24 kuwa 12. Woofa ikabaki ileile.

Tangu hapo kazi imekuwa ya kupima. Spika zinatolewa, unapiga mlio wa hezi 50, bezi busti iko sifuri, na geini inapandishwa hadi mita isome karibu volti 32 za AC, ambazo ni wati 500 kwenye omu 2. Watu wengi huishia hapo, nami naona ni kazi nusu, kwa sababu amplifaya isiyo na mzigo haichoshi betri. Lazima upime tena woofa ikiwa imerudi. Siku hizi kuna osiloskopu za mkononi, na dereva anajionea mwenyewe wimbi likikatwa kichwa. Wakati mwingine inayokata ni redio yenyewe. Wakati mwingine ni miksi ya DJ iliyorekodiwa taa nyekundu zikiwaka, na hiyo haina dawa kwenye gari.

Kinachosumbua bado ni kile kitufe cha bezi cha kufungwa karibu na usukani. Kuongeza desibeli 6 ni kuidai amplifaya nguvu mara nne, na wanaokigeuza hawataki hesabu. Kuna basi moja ambalo nimekifunga vizuri, kina taa ya buluu, na waya wake unaishia chini ya dashibodi bila kugusa kitu. Dereva anakisifu sana.