Binti Aanze na Lugha Gani?



Siku hizi karibu kila penye kikao cha wanawake, hata kwenye kupaka hina, tunasikia swali moja: binti yangu anataka kujifunza kutengeneza tovuti, aanze na lugha gani? Si Kiarabu wala Kichina, ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Na majibu ni mengi kuliko waulizaji. Huyu atakwambia Python, yule Java, wa tatu atasema PHP imepitwa na wakati. Tumeona tuwaandikie namna tulivyoamua sisi, kwa sababu uamuzi wetu ulikuwa na fedha za mpunga ndani yake, na mtu ambaye hakuweza kuhama.

Sisi ni madada wawili, wazaliwa wa Masagati, kule bonde la Kilombero. Ndoa zimetuleta Unguja. Kwetu ukitaka kusafiri unateremka kwanza Mlimba, kwenye kituo cha reli ya TAZARA, ndipo uelekee Ifakara. Mdogo wetu wa mwisho alimaliza kidato cha sita akabaki na mama, ambaye miguu haimruhusu tena kwenda shamba. Baba akauza magunia ya mpunga, sisi tukatia zamu yetu ya upatu, ikapatikana kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika. Makubaliano yalikuwa mwaka mmoja. Ukiisha bila kipato, kompyuta inauzwa, binti anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi yoyote, na mama anabaki mikononi mwa majirani.

Baba alipoambiwa binti yuko katika kuchagua lugha, aliuliza: "Kiswahili anacho, Kiingereza kakisoma. Hiyo ya tatu huko nani anaizungumza?" Tulicheka, lakini swali lake ndilo lililotuongoza. Nani anaitumia, wapi, na analipa?

Kwanza tulijifunza tovuti inavyofanya kazi. Ni kama duka. Mbele kuna kaunta anayoiona mteja: maandishi, picha, vitufe. Nyuma kuna ghala na daftari, yaani seva inayotunza habari na kujibu maombi. Upande wa mbele hakuna kuchagua sana. HTML hupanga maandishi, CSS huyapamba, JavaScript huufanya ukurasa uitikie unapobonyezwa. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa siku kama 10 tu, na leo vivinjari vyote vikubwa vinaielewa, hata kwenye simu ya bei nafuu.

Uchaguzi wenyewe uko nyuma. Kuna PHP ya Rasmus Lerdorf, iliyotoka mwaka huohuo wa 1995. Kuna Python ya Guido van Rossum, ya 1991. Kuna Java, iliyotoka kampuni ya Sun Microsystems. Na tangu Node.js ilipokuja mwaka 2009, JavaScript nayo imeenea upande wa seva.

Hapo sisi wenyewe tukagawanyika. Mmoja wetu alitaka Python, kwa kuwa ndiyo inayotumika sana kwenye akili mnemba na takwimu, na Ifakara ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi na leo inajulikana kwa utafiti wa malaria. Mwingine akasema kazi za utafiti zinataka shahada, na sisi tuna mwaka mmoja. Tukaiangalia pia DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika bara na Zanzibar, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa pia na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huo seva yake ni Java na kurasa zake ni JavaScript. Ni kazi ya heshima, ila si ya mtu aliye peke yake kijijini katika mwaka wake wa kwanza.

Tukabaki na swali la baba. Wanaolipa mtu mmoja anayeanza ni nani? Ni wenye maduka, shule binafsi, nyumba za wageni. Hawa wanataka tovuti ndogo, na wengi huishia kwenye WordPress, iliyoanza 2003 na ambayo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. WordPress imeandikwa kwa PHP. Hata Wikipedia ya Kiswahili inaendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa PHP. Kuipangishia tovuti ya PHP nafasi kwenye seva ni rahisi na bei yake ni nafuu. Aliyesema imepitwa na wakati hakutuonyesha mteja.

Basi tukakata shauri: miezi sita HTML, CSS na JavaScript, kisha PHP. Python isubiri. Kwa kuwa kuhifadhi thamani, kuweka sharti na kurudia kazi ni mambo yaliyomo katika lugha zote, akijua moja vizuri ya pili haitamchukua muda huo. Kinachomaliza mwaka ni kubadili lugha kila mwezi.

Bando ni ghali, hivyo alikuwa akiteremka Mlimba anapakua masomo ya bure, kisha anafanya mazoezi nyumbani bila intaneti. Programu inayoitwa XAMPP huigeuza kompyuta yako kuwa seva ndogo, unajaribu tovuti nzima bila kutumia hata kilobaiti moja.

Mwezi wa nane ulikuwa mgumu. Akatupigia: "Dada, baba mdogo anasema hii ni kazi ya wanaume, nitafute chuo cha ualimu." Tukamwambia mwanamke, Ada Lovelace, ndiye aliyechapisha mwaka 1843 maelekezo yanayohesabiwa na wengi kuwa programu ya kwanza. Nairobi wako AkiraChix tangu 2010, na Dar es Salaam Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013. Kisha tukampigia baba mdogo kwa adabu, tukamwomba asubiri miezi minne iliyobaki.

Mwezi wa kumi, mwenye nyumba ya wageni huku kusini mwa Unguja alitaka tovuti. Mdogo wetu akaitengeneza akiwa Masagati. Nusu ya malipo ilitumwa kwa simu kabla ya kazi, nusu baada. Hazikuwa nyingi. Zilitosha dawa za mama na bando la miezi miwili. Baba alisema, "Kumbe wanaoizungumza wapo," na kompyuta haikuuzwa.

Kwa hiyo dada, kabla ya kumuuliza mtu lugha ipi ni bora, kaeni na binti mwulizane haya. Anataka kufanya kazi ya nani, na watu hao wanatumia nini? Atasoma kwa muda gani, na nani anamlisha wakati huo? Yuko nani karibu wa kumwuliza anapokwama? Anaweza kuhama? Mkishajibu, lugha itakuwa imekwishajichagua yenyewe kwa sehemu kubwa. Jibu lenu linaweza kuwa tofauti kabisa na letu.

Mdogo wetu sasa ana wateja watatu na ameanza Python jioni, mama akishalala. Mungu awafungulie mabinti zetu riziki ya halali.