Majirani Waliotaka Tuzungumze

Watu wa umri wangu hapa Kewanja wakiulizwa habari za Vita vya Kagera husimulia Masaka, Lukaya na kuanguka kwa Kampala. Mimi hukumbuka zaidi miezi ya mwanzo, pale marafiki wengi wa Tanzania walipokuwa wakitusihi tukae mezani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 1 yeye mwenyewe akatangaza kwamba ardhi yetu hadi Mto Kagera ni mali ya Uganda. Watu waliuawa. Daraja la Kyaka likabomolewa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa, na maelfu ya ng'ombe wa ranchi ya Misenyi wakaswagwa kwenda ng'ambo. Sisi Wakurya habari hiyo ya ng'ombe ilituchoma. Wazee waliokuja kusikiliza redio kwa mwenyekiti wa kijiji, wengine wakitokea ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, waliuliza kwanza juu ya ng'ombe hao na njia waliyopitishwa. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, jirani yetu wa mkoa huu huu, alikuwa amekwisha kusema Novemba 2 kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Vijana wa kwetu Nyamongo wakaanza kuondoka, wengine jeshini, wengine mgambo.

Tulitazamia Afrika isimame nasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya mwenyekiti wake Jaafar Nimeiry wa Sudan, ukatuma wasuluhishi. Kenya, iliyokuwa imeungana nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977, haikuegemea upande wowote. Rais Moi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameshika madaraka baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, akajitolea kupatanisha. Samora Machel wa Msumbiji ndiye aliyetuletea askari wake.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, lakini Mkurya ana ndugu pande zote mbili, na vijia vya porini havina lango. Mjomba wangu alikuja kwa njia hizo mwanzoni mwa 1979. Akamwambia baba, "Shemeji, mtamaliza vijana. Vita ukishaianza hujui itakuachia nini. Waacheni wakubwa wazungumze."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, hata sisi ng'ombe wakiibwa tunakaa ritongo, baraza letu, tunazungumza. Ila tunaanza kwa kuuliza unyayo umeishia kwa nani. Hawa wanaotuita mezani, mbona hawataki swali hilo?"

Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo, si redioni wala kwa wasomi waliokuja baadaye. Mwalimu aliwajibu wasuluhishi vivyo hivyo: Umoja umlaani mvamizi kwanza, naye akane madai yake juu ya ardhi yetu na alipe alichoharibu. Umoja haukuwa tayari. Mkataba wake wa mwaka 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, nao ukashikiliwa kumzuia aliyeporwa, huku aliyepora akiitwa ndugu.

Sababu za Kenya nazielewa. Rais alikuwa mpya, na biashara ya Uganda ilipitia Mombasa. Tena jeshi linalomwondoa rais wa nchi jirani huwatia hofu marais wote. Kutopigana upande wetu halikuwa kosa, hata leo siwalaumu kwa hilo. Ninacholaumu ni kule kukataa kutamka kwamba Amin amevamia.

Na mjomba naye alisema kweli. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, lakini hapa kijijini kuna akina mama ambao hawakurudishiwa watoto wao. Mwalimu alituomba tujifunge mikanda miezi 18. Ikapita, na mikanda ikabaki imekazwa. Sukari na sabuni vikawa vitu vya kupangia foleni. Kipande cha khanga kilitafutwa hadi Tarime mjini na kukosekana. Bei hiyo tuliilipa sisi, na nani ajuaye, pengine tungepunguziwa kama Afrika ingetamka neno moja mapema, Amin akajua kwamba yuko peke yake.

Badala yake, katika mkutano wa wakuu uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiry na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia Uganda. Mpaka wetu na Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mjomba akaja safari hiyo kwa kupitia Sirari mchana kweupe. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uligeuzwa kuwa Umoja wa Afrika mwaka 2002 bila kupitisha azimio la kulaani uvamizi wa Kagera.