Wote Walisema Serengeti, Mi Nikaenda Ruaha na Baba

Haya wadau, msimu wa picha za mbugani umeingia tena. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina tuliache hukohuko, kaposti picha kama saba yuko kwenye puto juu ya Serengeti, miwani myeusi, mkono kiunoni, na simba hata mmoja haonekani. Halafu kuna yule dada wa maigizo ambaye mpaka leo watu wanabishana kama swala aliyekuwa nyuma yake ni wa mbugani au wa bustani ya hoteli. Mi sina ubaya nao. Ila picha za namna hiyo ndizo zilizofanya kundi letu la WhatsApp, wasichana watano tuliosoma wote, liamue kwamba safari yetu ya kwanza ya mbugani lazima iwe Serengeti. Tukaanza kuchanga toka Januari.

Tuseme ukweli, Serengeti ni Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanafuata mvua, Februari wanazaa kule kusini karibu na Ndutu, kuanzia Julai wanavuka Mto Mara na mamba wanawasubiri. Hakuna hifadhi nyingine Tanzania itakayokupa hicho. Na kiingilio kwa Mtanzania wala si tatizo, sisi tunalipa kwa shilingi wakati mgeni analipa kwa dola. Kinachoua ni gari. Kutoka Dar unafika Arusha kwanza, unakodi gari la safari, unapita Ngorongoro ambako nako kuna malipo yake, na huwezi kwenda na kurudi siku moja. Unalala, unakula, dereva analala, dereva anakula. Tulipopiga hesabu ya siku nne, wawili wakaacha kujibu meseji.

Mmoja akasema basi Mikumi. Kwa mtu mwenye wikiendi moja, au mwenye watoto wadogo, Mikumi ni jibu zuri kabisa. SGR hadi Morogoro, gari kutoka pale, jioni unarudi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50, kuna mabango ya faini ya kila mnyama utakayemgonga, na unaweza kumwona tembo ukiwa ndani ya basi umeshika hindi la kuchoma. Sasa hapo ndipo shida yangu ilipo. Mi ni mtu wa Rujewa. Nimepita Mikumi dirishani tangu niko shule ya bweni, twiga wa pale nawajua karibu kwa majina.

Rujewa, kwa wasioijua, ndio makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, unachepuka kilomita chache kutoka barabara kuu ya kwenda Mbeya mjini. Ni mpunga mtupu. Wengi jina la Ihefu mnalijua kwa sababu ya timu, ile iliyoifunga Yanga Novemba 2022 baada ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Timu yenyewe ilishahama, ikaenda Singida na jina ikabadilisha. Ihefu haijahama. Ni tindiga kubwa ndani ya bonde la Usangu, mito ya kwetu inamwaga maji humo, na kutoka humo ndipo Mto Ruaha Mkuu unaendelea kwenda mbugani. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya bonde hilo iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya kilomita za mraba 20,000, mpaka Nyerere ilipoipita 2019. Kabla ya hapo wafugaji wengi na ng'ombe wao walikuwa wameshaondolewa bondeni. Hiyo stori Rujewa haisimuliwi kwa kucheka.

Baba yangu ana miaka 71 na amelima mpunga maisha yake yote. Maji ya majaruba yake yanatoka mtoni kwa mfereji. Tangu niko mdogo, kiangazi kikifika, redio ilikuwa inasema Ruaha Mkuu umekauka huko mbugani na watu wa Usangu ndio wanaomaliza maji. Zamani mto ule ulitiririka mwaka mzima. Kukauka kulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani baba akiwa kijana mwenye nguvu na shamba lake. Taarifa hiyo ikianza alikuwa anazima redio. Sasa nilivyompigia kumsalimia nikamtajia mambo ya Serengeti na Mikumi, akasikiliza, akaguna.

"Mama, mi nikiambiwa nichague," akasema, "nipeleke nikauone huo mto wanaosema nimeukausha."

Kwangu uchaguzi ukawa umeisha. Kundini nikaaga, akanifuata rafiki mmoja tu.

Tulienda Oktoba: mimi, baba, dada yangu mkubwa na huyo rafiki. Basi hadi Iringa, tukalala, alfajiri tukachukua gari la kukodi. Laki sita kwa siku, mafuta na dereva ndani, tukagawana watatu laki mbili mbili. Mchango wa sendofu moja tu huo jamani. Dereva alikuwa kijana wa Tungamalenga, kijiji cha mwisho kabla ya geti, na alimwamkia baba shikamoo kila tulipopanda gari upya. Asubuhi ile tuliona tandala wenye pembe za kuzunguka kama kizibuo, simba jike sita wamelala chini ya mbuyu kama wamelipwa kulala, na tembo mpaka nikaacha kuhesabu. Rafiki yangu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Halafu tukafika mtoni. Mi nilitegemea mto. Ilikuwa mchanga mweupe, mpana kama uwanja, na madimbwi hapa na pale. Dimbwi moja viboko wamebanana mgongo kwa mgongo kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, maji yenyewe ya kijani. Mbele kidogo tembo mama amesimama kwenye mchanga mkavu, anachimba kwa mguu wa mbele, anatoa mchanga kwa mkonga, anasubiri. Maji yakajikusanya taratibu shimoni. Akanywa, akasogea, mtoto akapiga magoti kuyafikia. Nyuma yao swala walikuwa wanangoja zamu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akauliza, "Kijana, maji yangu ndio yanaishia hapa?"

"Hapana mzee wangu. Yakifika hapa yanaendelea mpaka Mtera, halafu Kidatu, kwenye umeme."

"Yakifika," baba akasema.

Usiku kule Tungamalenga, mbele ya wali maharage, ndio alifunguka. Akasema sawa, ameona, hawezi kubisha na macho yake. Lakini mfereji huohuo ndio watu wanakunywa, ng'ombe wanakunywa, na mchele wa Mbeya ndio tunaupigania huku Dar. Kwa nini katangazwa redioni miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kumpandisha gari akaja kuonyeshwa? Dada, ambaye naye analima, akamjibu kwamba mavuno yanaisha katikati ya mwaka, na Oktoba hii bado mfereji wao umejaa, maji yanapotelea vichakani. Wakabishana mpaka saa tano usiku. Mi na rafiki yangu tulikuja kutafuta picha za kuposti, tukapewa semina ya mabanio.

Aliporudi Rujewa, baba alienda kwenye kikao cha watumiaji maji, ambako alikuwa haendi kwa miaka, anasema ni mahali pa kugombana tu. Ameshaenda mara tatu. Anagombana. Anataka banio lifungwe baada ya mavuno, ila watu wachimbiwe visima kwanza. Kuna jirani zake wawili hawamsalimii sasa.

Kwa mnaoniuliza inbox: Ruaha nenda kati ya Juni na Oktoba, wanyama wanasogea kwenye maji. Faru hutamwona, usidanganywe. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanauma kweli. Mtandao unakatika, kwa hiyo kama unaenda kwa ajili ya laivu, baki Mikumi. Na kama ndoto yako ni nyumbu mtoni, endelea kuchanga, hakuna njia ya mkato.

Mwakani rafiki yangu anataka Kitulo, Februari, kwenye maua. Nilimwambia baba kwamba baadhi ya maji ya Ruaha Mkuu yanaanzia kule juu. Tangu hapo anaulizia koti, kasikia kuna baridi.