Kitenzi "run" Darasani

Katika wilaya za Mbulu na Hanang mwanafunzi wa kidato cha kwanza huja na Kiiraqw au Kibarbaig cha nyumbani, na Kiswahili cha shule ya msingi, kabla ya kutakiwa kujibu mitihani kwa Kiingereza. Akiambiwa kwamba "run" ni kukimbia, kisha akasoma katika jiografia kuwa mto nao "runs", huuliza kwa haki kabisa: unamkimbia nani?

Basi la Katesh "runs", sukari "runs out", pua yenye mafua "runs". Kwetu ni kufanya safari, kuisha, kutoka kamasi. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi hiki. Kuzikaririsha ni kumtesa mtoto bure.

Sisi twaona heri kuanzia kwenye "piga". Mtoto huyo hupiga hodi, pasi, simu na magoti, wala hamwumizi mtu. Azitaje kwanza, ziandikwe ubaoni. Ndipo "run" iletwe, kila maana ndani ya sentensi yake. Darasa moja lilitupatia "piga" ishirini na tatu kabla kengele haijalia.