Kijiji kilichojifungia ndani na tauni

Huenda hujapata kulisikia jina la Eyam, msomaji wangu, na wala si ajabu. Ni kijiji kidogo katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, si mbali na mji wa Sheffield. Wenyewe hulitamka "Iim". Wakazi wake hawafiki elfu moja, nyumba ni za mawe, na mgeni angeweza kupita asione la kumsimamisha, isipokuwa vibao. Vimepachikwa kwenye nyumba za zamani, vikiwa na majina ya waliofia humo. Tarehe ni za 1665 na 1666.

Mwaka wa 1665, tauni ikiwamaliza watu jijini London, fundi wa nguo wa Eyam alipokea furushi la vitambaa kutoka huko. Inasimuliwa kwamba vilikuwa na unyevu, vikaanikwa karibu na moto, na viroboto wakatoka humo. Msaidizi wa fundi huyo, George Viccars, alizikwa Septemba 7. Wengine wakafuata. Baridi ilipoingia ugonjwa ulipungua, lakini joto la 1666 lilirudi nao.

Kasisi wa kijiji alikuwa William Mompesson, kijana ambaye hata miaka thelathini hakuwa ametimiza. Alikuwa mgeni, na waumini wengi hawakumpenda. Moyo wao ulikuwa kwa Thomas Stanley, kasisi wa zamani, aliyepoteza kazi 1662 kwa kukataa kufuata Kitabu cha Sala cha serikali. Hebu fikiria mahasimu hao wawili wakikaa meza moja! Lakini walikaa, na Juni 1666 wakasimama pamoja mbele ya watu na kuwaomba jambo zito: asitoke mtu, ili tauni isifike vijiji jirani. Kanisa lilifungwa, ibada ikahamia bondeni, mahali paitwapo Cucklett Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Kila mtu angezika maiti wake mwenyewe, karibu na nyumbani.

Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita katika muda wa siku nane, Agosti hiyo. Makaburi yao yangali shambani nje ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Nimeyatazama pichani mara nyingi, na kila mara mimi huhesabu tena, kana kwamba hesabu itapungua.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia haraka ni chakula. Watu hawajifungii kwa mahubiri pekee. Earl wa Devonshire, tajiri aliyemiliki kasri la Chatsworth, aligharimia mahitaji yao, na majirani walileta bidhaa hadi mpakani wakaziacha. Lipo jiwe lenye matundu ambamo wanakijiji walitia sarafu ndani ya siki, wakiamini siki huua ugonjwa. Jiwe hilo unaweza kuligusa hata leo. Kama mkate haungefika hapo, sidhani ahadi ile ingedumu wiki mbili.

Nayasema haya kwa sababu sisi wa Nairobi tulionja kidogo. Kuanzia Aprili 6 hadi mapema Julai 2020 tulizuiwa kutoka jijini kwa ajili ya korona. Mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini: "Mwanangu, nakupenda, lakini usije." Nilinyamaza. Mtaani kwetu walioumia hawakuwa wale wenye friji zilizojaa bali waliokula kwa kibarua cha siku, na mpakani hapakuwa na jiwe lao.

Hata Eyam hawakuwa sawa wote. Mompesson aliwapeleka watoto wake wawili mbali kabla njia hazijafungwa. Simlaumu, ningekuwa na pa kuwapeleka wangu, ningewapeleka. Ila wengi hawakuwa na mahali. Mkewe, Catherine, alikataa kumwacha, naye akafa Agosti 25. Tauni ilipokoma, Novemba 1666, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, na wanahistoria wangali wanabishana kijiji kilikuwa na wakazi wangapi. Lakini vijiji vya jirani vilinusurika. Kasisi alihamia Eakring 1669, na inasemekana wenyeji wa huko walimwogopa, wakamtaka akae kwanza kibandani nje ya kijiji.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hufanya ibada ya kumbukumbu palepale Cucklett Delf, chini ya anga. Siku hizohizo visima vya kijiji hupambwa kwa desturi ya Derbyshire: ubao mkubwa hupakwa udongo mbichi, kisha picha huundwa kwa vipande vya maua vinavyobanwa kimoja kimoja. Ni kazi ya siku kadhaa, na huwezi kuimaliza peke yako.