Sehemu ya 7: Moto umezimika, sasa ule unga?

Mama zangu, habari za baridi? Wa Magamba najua mmevaa masweta mawili, na wa Mombo huko chini mnatucheka tu.

Sehemu ya 6 ilikuwa ya moto wa jiko la gesi. Siku mbili baadaye jirani yangu akanipigia, kwake umetokea kweli. Shemeji alikimbilia ule mtungi mdogo wa kuzimia moto wa kwenye gari, akapuliza, moto ukafa. Ila jikoni pakawa kama mashine ya kusaga, unga mpaka kwenye chupa ya mtoto wa miezi saba. "Nesi, nimeshaandaa maji na jiki, naanza kudeki." Nikamwambia, dada, jiki weka chini, mtoto mpeleke kwa bibi yake.

Sikia sababu. Mitungi mingi ya magari ina unga mkavu. Ukiona imeandikwa ABC, ndani kwa kawaida kuna fosfeti ya amonia, jamaa ya DAP tunayowekea viazi huku milimani. Jiki ikikutana na amonia inatoa hewa kali inayochoma koo na mapafu. Na sisi wa Lushoto madirisha tumefunga, tunaogopa ukungu! Ikiandikwa BC, ni jamii ya bekingi soda. Unga wenyewe si sumu ya kuua, lakini unawasha macho, pua na kifua, na kifua cha mtoto mchanga ni chembamba.

Kwa hiyo funga mtungi wa gesi, zima umeme kwenye swichi kubwa, fungua milango. Feni usiwashe. Acha unga utue, kisha vaa barakoa na glovu. Maji usimwage kwanza, utapata uji unaoingia kila ufa. Kusanya ukiwa mkavu, polepole, kwa fagio laini, uweke kwenye mfuko na kuufunga. Bustanini usiumwage eti ni jamaa ya mbolea.

Yanayobaki futa kwa kitambaa kibichi. Kama ni ABC, weka kijiko kidogo kimoja au viwili vya bekingi soda kwenye lita ya maji ya uvuguvugu, maana unga huo una uchachu unaokula chuma. Kama ni BC, maji yenye siki kidogo. Kisha maji safi, kisha kausha. Siki nayo isikutane na jiki kabisa. Na usisubiri kesho: unga huu unavuta unyevu, kwa ukungu wetu asubuhi utakuta umeganda kwenye jiko.

Chakula kilichokuwa wazi tupa, hata ile ndoo ya sembe. Inauma, najua. Vyombo osha kwa sabuni, chupa ya mtoto osha kisha ichemshe. Blanketi kung'utia nje, mbali na watoto.

Sasa mtoto. Unga ukimwingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kama dakika 15. Maziwa ya mama machoni hapana, hata kama bibi amesema, na bibi tunamheshimu. Wala usimlazimishe kunywa maziwa eti yanaondoa sumu, anaweza kupaliwa. Mfute mdomo, mnyonyeshe kama kawaida akitaka.

Kisha hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima, ukitazama tumbo. Chini ya miezi 2, zikifika 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 mpaka mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Zikifika hapo, au mbavu zinaingia ndani, kifua kinapiga filimbi, anakataa kunyonya, midomo inabadilika rangi, njoo hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Jicho likibaki jekundu baada ya kusuuza, njoo pia.

Yule wa jirani nilimhesabia mwenyewe, 38, akanivuta na kitambaa cha kichwa juu.

Mtungi ukishapulizwa hata kidogo, usiurudishe garini hivyo hivyo, presha inavuja. Upelekwe kujazwa. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani jikoni leo.

Sehemu ya 8 ni jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Maswali yenu niachieni hapa, nikitoka zamu nayajibu.