Mwanangu Alitaka Maji

Mwanangu ana miaka 12. Hatembei, hasemi, wala hawezi kushika kijiko. Alipozaliwa alichelewa kulia, na ubongo wake ukaumia. Wageni waliokuja nyumbani walinisalimu mimi tu. Yeye walimpita kama kinu. Hata mimi nilikosa. Nilimlisha na kumwogesha, lakini sikumwuliza neno. Nilidhani haelewi.

Siku moja alikuja mwalimu wa watoto wenye ulemavu. Hakuuliza mtoto hawezi nini. Aliuliza, "Ni kiungo gani anaweza kukitumia mwenyewe?" Tulimtazama kwa makini. Tukaona kwamba anaweza kusukuma mkono wa kushoto.

Mwalimu na fundi redio walitengeneza swichi. Walichukua vipande viwili vya katoni, wakabandika karatasi ya alumini, ile ing'aayo. Katikati waliweka sponji ya godoro yenye tundu. Walikata waya mmoja wa mabetri ya redio. Ncha moja waliiunga kwenye alumini ya juu, nyingine kwenye alumini ya chini. Ukibonyeza, alumini hugusana ndani ya tundu, umeme hupita, na redio hulia. Ukiachia, hunyamaza. Tulitumia mabetri tu. Umeme wa ukutani usiutumie, huo huua.

Tuliweka swichi chini ya mkono wake. Muda mrefu ulipita. Nilitaka kumsaidia kubonyeza. Mwalimu akanizuia, "Ngoja, mama." Mara redio ikalia! Mwanangu akacheka. Akabonyeza tena.

Kisha fundi akaweka kengele mahali pa redio. Jioni nilimwuliza, "Unataka uji?" Nikangoja. Kimya. "Unataka maji?" Kengele ikalia. Nami nikalia. Mara ngapi nilimpa uji mtu mwenye kiu?

Mwalimu alinieleza habari za Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza. Alipoteza sauti mwaka 1985. Akawa anabonyeza swichi kwa mkono, akichagua maneno kwenye kompyuta, nayo ikimsemea. Mkono ulipoishiwa nguvu, alitumia msuli wa shavu. Alifariki mwaka 2018, akiwa amesikika dunia nzima.

Ndugu msomaji, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama nyumbani kwako yuko asiyesema, tafuta kiungo kimoja anachokiweza. Mwulize. Kisha ngoja jibu lake.